Kivuli cha Nyumba ya Mama

Sindo, Februari 1994

Baba Akinyi wangu,

Sisi huku wazima, ila jua linachoma mpaka kuku wameacha kuzurura. Ulinituma nimlete Mama Nairobi kwa sababu nyumba yake ni ndogo na ina joto. Ni ndogo kweli, lakini wewe uliyezaliwa humo umesahau inavyokaliwa. Asubuhi Mama hubeba kigoda chake hadi upande wa ziwa. Saa sita hukaa mlangoni, karibu na mtungi, na maji yake yanatuliza roho kuliko ya friji yetu. Alasiri huhamia upande wa barabara. Anafuata kivuli siku nzima, anachambua dagaa wake wa omena, anasalimiana na kila apitaye, na sijamsikia akilalamika joto hata mara moja. Mimi niliyezoea feni ndiye ninayelalamika!

Jana nilimweleza habari za safari. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Hiyo nyumba yenyu ya ghorofa, kivuli yake huanguka wapi?" Nilifikiri sana. Huanguka kwa majirani.

Basi sitamleta, na usinikasirikie. Tena kuna jambo hulijui. Mama habebi kigoda kimoja, hubeba viwili. Nilidhani cha pili ni cha mgeni, nikakikalia siku tatu. Leo ameniambia ni chako, na amekuwa akikihamisha hivyo tangu uondoke.

Msalimie Akinyi, kisha mje naye.

Wako anayekushikia nafasi,
Mama Akinyi