Jina Nililotaka Lifutwe

Mama yangu,

Pokea salamu za Gitega, ambako asubuhi hii ukungu bado umekalia milima. Goti linasemaje? Maharage yameota, au mvua imewachezea tena? Mimi ni mzima, nakula, nasali, na mwandiko wangu bado ule ule wa kuku kuparua. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia tu.

Kazi yangu unaijua. Manesi wa vijijini huandika watoto wa chanjo kwenye simu zao, na majina huenda kukaa kwenye kompyuta ya kukodi iliyo nchi za mbali. Wanaiita wingu, lakini usitazame juu, Mama, ni mashine tu. Mimi huiamuru nikiwa hapa, kwa kuandika maneno kwenye dirisha jeusi la kompyuta ya ofisi. Ikilala, naiamsha.

Ijumaa ikalala. Na ndiyo siku shefu, mkuu wangu wa kazi, alikuwa anaamua kama nibaki kazini au nirudi nyumbani Muyinga, maana muda wangu wa majaribio umeisha. Nesi wa Mutaho akapiga simu: "Weye Gloriose, mi naona duara tu, iko inazunguka! Bamama bamejaa hapa. Mi nichome nani?"

Nikaandika amri ya kuiamsha. Jibu: amri haitambuliki. Nikaandika tena herufi kwa herufi, kama ulivyonifundisha kwa mkaa kwenye mlango wetu kule kambini Tanzania. Haitambuliki. Nikazima kompyuta, nikawasha. Wapi! Nikajaribu kuipakua upya programu inayoibeba amri hiyo, intaneti inajikokota. Jasho likanitoka katika baridi hii ya Gitega, hebu fikiria.

Shefu akaja kusimama nyuma yangu. Si mtu wa makelele. Akasoma, akasema, "Bon. Haisemi programu imekufa. Inasema haiijui. Wee uliiweka wapi?"

Mama, hapo nikakumbuka. Niliiweka wiki ya kwanza, nilipokuwa bado Neema. Kompyuta ya ofisi ina milango miwili ya kuingilia, kila mmoja na jina lake na neno lake la siri. Wa kwanza shefu aliufungua kwa jina lililo kwenye cheti changu cha shule ya Tanzania. Wenzangu wakanitania: "Neema wa kambini, leo mgao wa unga ni saa ngapi?" Kitambulisho cha Burundi kilipotoka kwa jina la Gloriose, nikaomba mlango mpya wa jina hilo, na nikamwomba shefu aufute ule wa zamani. Tangu hapo mashine haikuwahi kulala hadi Ijumaa hiyo. Programu ilibaki kule kwa Neema, na mashine ilikuwa inaitafuta chumbani kwa Gloriose tu.

"Ulishaufuta?" nikamuuliza.

"Nifute kwa nini? Jina iko inaomba ugali?"

Nikaingia kwa Neema. Neno la siri nililikumbuka, ni jina la Baba. Nikaandika amri ile ile, na mashine ikaamka. Simuni nesi akapiga vigelegele: "Iko! Majina yamekuja!" Baadaye, shefu akinielekeza, nikaihamishia programu mahali panapofikiwa na milango yote miwili, nikafunga lile dirisha jeusi na kufungua jipya, maana lililofunguliwa kabla halijui kilichobadilika.

Nimebaki kazini, Mama! Namshukuru Mungu, namshukuru shefu, na wewe nakushukuru zaidi. Siku ya kurudi Burundi nilitaka kukitupa cheti kile njiani, ukanipokonya, ukakifunga kwenye pindo la kitenge chako. Bila hicho nisingeajiriwa popote.

Lakini Pasaka sijaisahau. Mbele ya wageni nilikukatiza: "Usiniite Neema, mimi si wa kambini tena." Ukaendelea kuchambua maharage. Tangu siku ile kwenye simu unaniita "mwanangu" tu, hutaji jina lolote. Na jina lile alinipa Baba, ambaye tulimwacha kwenye udongo wa kule. Nilikosa adabu, Mama. Nisamehe.

Nisalimie kaka Elisha, mwambie aache kubeba matofali na kifua kile. Msalimie mkewe, na shangazi msuka vikapu, kile alichonipa wenzangu wote wanakitamani.

Jumapili ukitoka kanisani, nipigie. Nitapokea, lakini sitasema kitu mpaka nisikie umeniita.

Binti yako,
Neema