Rangi Namba Nne na Chai ya Alhamisi

Jumamosi. Mwezi wa saba, baridi ya kuuma.

Mvua ya mawe imepiga baada ya saa nane mchana na kuacha ua mzima mweupe. Majani ya chai ng'ambo ya barabara yametobokatoboka, na wiki ijayo wakulima watakuwa na mengi ya kulalamikia. Mimi nimekaa kitandani na blanketi mabegani, uso mtupu, bila poda, bila wanja, bila chochote. Nyinyi mnaonijua kupitia blogu hii hamjawahi kuniona hivi, na mimi mwenyewe sijajizoea.

Leo nilipaswa kuandika hitimisho la zile rangi tano. Badala yake naandika hili.

Kwa aliyefika hapa leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Atieno wa Kericho, na ninajaribu vipodozi vya bei kali kwa niaba ya wanawake wanaoamka alfajiri kwenda kazini. Sivinunui mimi. Dada yangu anafanya kazi Dubai kwa mwanamke anayenunua rangi za mdomo kana kwamba ana midomo kumi, na zile asizozifungua humpa dada. Hivyo ndivyo nilivyopata vijiti vitano vizito vya rangi ya dhahabu. Niliwaahidi kuvivaa kimoja kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwenye baridi, matope na chai ya saa nne, nione kama kitu cha matajiri kinaweza kuwa cha kila siku.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Namba moja, rangi ya tofali, ilinikaa vizuri. Namba mbili, pinki hafifu, ilinifanya nionekane nimelamba unga. Namba tatu ilikuwa zambarau, na kila aliyeniona aliniuliza harusi ni ya nani.

Namba nne ni nyekundu yenye kahawia ndani yake, kama chai ya rangi kwenye bakuli jeupe. Ni nzuri. Nikisema ni mbaya nitakuwa naongeza uongo mwingine.

Jambo ambalo sijawahi kuwaambia ni kazi ninayofanya. Nimekuwa nikiandika tu "ofisini". Mimi ni mwonja chai msaidizi katika kiwanda kimoja huku kwetu. Kila asubuhi napanga sampuli za chai iliyokaushwa, kila moja na saa ilipotoka kwenye mashine, napima, namimina maji yanayochemka, nasubiri. Halafu nanyonya kijiko kimoja kimoja kwa kelele ambayo mama angenitoa mezani kwayo, na kutema. Chai hushika harufu ya kitu chochote kilicho karibu nayo, iwe sabuni, mafuta ya taa au kitunguu. Kwa hiyo kuna tangazo mlangoni mwa chumba chetu: hakuna manukato, hakuna sabuni yenye harufu, hakuna rangi ya mdomo.

Tangazo hilo nimelisoma kila siku kwa miaka mitatu.

Jumatatu, Jumanne na Jumatano nilifuta mdomo kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuingia, nikapaka tena nikitoka. Kwa hiyo ile "siku nzima" niliyowaahidi ilikuwa nusu siku, na hilo pia sikuwaambia. Alhamisi ikawa zamu ya namba nne, ambayo sanduku lake linajigamba kwamba haitoki. Nikafuta mara mbili, haikutoka. Ukweli ni kwamba sikufuta kwa bidii. Bwana Rono, mkuu wetu wa uonjaji, alikuwa nyumbani na mafua. Hakukuwa na mtu wa kuniangalia, na nilitaka kuona kama naweza kupita nayo.

Nikapita. Jioni ile nikaandika hapa kwamba namba nne nimeshinda nayo mahali isiporuhusiwa na hakuna aliyegundua. Mlifurahi sana. Wengine mliniita shujaa.

Maneno hayo bado yako pale chini. Sijayafuta.

Sasa niseme kilichotokea ndani ya chumba asubuhi hiyo. Kikombe cha kwanza kilikuwa na kitu kitamu kisicho cha chai, kitu cha maua. Waridi. Cha pili hivyo hivyo, na cha tatu. Kufikia cha saba harufu ilikuwa imefifia, na kufikia cha kumi hapakuwa na kitu. Nikajiona fundi. Vikombe vya kwanza vilikuwa vya chai ya zamu ya alfajiri, kwa hiyo nikaandika kwenye ripoti kwamba chai ya alfajiri ina harufu ya waridi na chanzo kitafutwe kwa watu wa zamu hiyo. Nikatia sahihi peke yangu.

Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba kila kijiko kilikuwa kikiniosha midomo. Rangi ilibaki, harufu ndiyo iliyoondoka.

Kesho yake, Ijumaa, walikagua zamu ya alfajiri. Mama Chebet, msimamizi wa wanawake wanaochambua chai, alikutwa na chupa ndogo ya mafuta ya mikono mfukoni mwa aproni. Mafuta ya waridi. Huko kwenye kuchambua mikono hukauka mpaka ikapasuka, na karibu kila mwanamke hupaka kitu akitoka, lakini chupa iliyoonekana ni yake. Chai ile yote ikawekwa kando. Yeye akaambiwa akae nyumbani hadi kikao cha Jumatatu, yaani keshokutwa, kitakachoamua kama atafutwa kazi. Amebakisha miaka miwili astaafu.

Mama Chebet si mtu baki kwangu. Baba yangu alitoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai, na sisi tulizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi bila shamba wala mtu wa kutusemea. Mimi nilianza kiwandani kwa kufagia. Yeye ndiye aliyeona kwamba kila nikipita karibu na chai nasimama kunusa, akaenda mwenyewe kwa Bwana Rono akamwambia huyu msichana ana pua, mpeni nafasi. Nafasi hiyo ndiyo iliyonilisha hadi leo.

Jumanne ya wiki hii meneja aliniagiza niandae sampuli za Alhamisi ile kwa ajili ya kikao. Huwa tunazihifadhi kwenye makopo. Nikazionja upya, vikombe vyote, midomo mitupu. Ilikuwa chai safi. Nikarudia vya kwanza vitatu kwa maji mapya. Safi. Nikajiambia labda harufu imeruka, ingawa najua haifanyi hivyo ndani ya kopo lililofungwa. Nilipofika nyumbani nikafungua namba nne nikaipeleka puani polepole, na pale pale nikakijua kile kikombe cha kwanza.



Ningeweza kurudi kiwandani jioni hiyo hiyo, ni mwendo wa dakika ishirini. Sikurudi. Juu ya meza ya meneja kuna barua ya kunithibitisha kuwa mwajiriwa wa kudumu, bado haijatiwa sahihi. Nilijiambia labda watampa onyo tu. Nilijiambia hata hivyo alikuwa na mafuta mfukoni, na mafuta ni kosa. Nimekuwa hodari sana wa kujiambia mambo wiki hii.

Juzi, Alhamisi, nikaenda kumpa pole Mama Chebet. Nilibeba mkate na sukari kama watu wote waliomtembelea, na nilipaka namba moja, ile ya tofali, kwa sababu sikutaka aone jinsi nilivyokonda uso. Anakaa njia ya kwenda Kabianga, nyumba ya mabati yenye maua mlangoni. Alinipikia chai ya maziwa mengi. Alipokuwa ananipa kikombe nikaiona mikono yake. Ilikuwa imepauka kama iliyopakwa majivu, vidole vimepasuka kwenye maungio, na kimoja alikuwa amekifunga kitambaa.

"Nimeacha kupaka mafuta," akaniambia. "Labda ni mimi kweli. Nilipaka kidogo tu hiyo siku, lakini wewe ukisema iko, basi iko."

Halafu akaniangalia mdomo na kusema rangi ile imenikubali.

Nilikunywa chai yote. Nikamshukuru, nikasema kongoi, asante ya kwao, kama alivyonifundisha mwenyewe, nikaondoka.

Ningeweza kuvumilia kama angekuwa amenikasirikia. Angesema yule msichana amekosea, ningekuwa na kitu cha kushindana nacho moyoni. Lakini yeye aliiamini pua yangu kuliko alivyoijua mikono yake mwenyewe. Alikuwa ameanza kuiadhibu mikono ile kwa kosa langu, na mimi nikakaa pale nikaitazama.

Naona aibu. Sina neno zuri zaidi la kulipamba.

 Jana Bwana Rono alirudi kazini, bado anakohoa, akanisifu mbele ya watu kwa kushika ile harufu nikiwa peke yangu. Nikamwambia asante. Kisha nikachota vijiko vitatu kutoka kwenye kopo la kwanza, nikavifunga kwenye karatasi. Hilo pia haliruhusiwi na nitalisema Jumatatu.

Leo asubuhi, kabla mvua haijaja, nikarudi kwa Mama Chebet. Mdomo wangu ulikuwa mtupu. Nikamwomba maji ya moto na vikombe, nikamwambia leo nitapika mimi, na bila maziwa. Alicheka kidogo. Kwao chai bila maziwa ni ya mgonjwa. Nikampa anywe.

Akanywa, akanusa, akanywa tena. Akasema hii ni chai tu, ina nini? Nikamwambia ndiyo ile chai ya zamu yake. Akaweka kikombe chini. Kabla hajaniuliza nikatoa namba nne mfukoni, nikaifungua na kumpa.

Aliishika kwa ncha za vidole. Akainusa akiwa amefumba macho. Nikamwambia yote, tangazo la mlangoni, kitambaa chenye maji, vikombe vya kwanza, Jumanne. Nililia mimi, na haikusaidia kitu. Yeye hakulia.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Jumanne, mama."

"Na Alhamisi ulikaa hapo ukakunywa chai yangu."

Nikasema ndiyo.

Akainuka akaingia chumbani. Nilidhani ameniacha niondoke mwenyewe. Akarudi na chupa kubwa ya mafuta, ile ya nyumbani, akaketi mbele yangu na kuanza kujipaka. Alipaka kidole kimoja kimoja, akafungua kile kitambaa, akapaka na pale palipopasuka, akiuma meno. Nyumba nzima ikanukia waridi. Hakuniangalia hata mara moja mpaka alipomaliza mikono yote miwili.

Nikamwambia nimeshaandika barua kwa meneja, ninayo hapa kwenye begi, nitaituma Jumatatu asubuhi na mambo yataisha. Nilitaka barua iende bila mimi. Sasa hivi ndipo ninapoona hivyo. Yeye aliona pale pale.

"Usitume barua," akasema. "Kuja mwenyewe. Kuja umepaka hiyo rangi. Wanuse wenyewe."

Akanirudishia kijiti changu kikiwa na alama ya mafuta juu ya dhahabu. Siku zote huwa ananisindikiza hadi barabarani, hata kukiwa na matope, tukisimama kwa nusu saa nyingine pale njiani. Leo nilipofika kwenye lango nikageuka, mlango ulikuwa umefungwa.

Sijui kama atanisamehe, na sikumwomba, kwa sababu nilihisi ningekuwa namwongezea kazi nyingine. Sijui kama saa sita ya Jumatatu nitakuwa bado na kazi, au kama ile barua ya ajira itatiwa sahihi, au kama Bwana Rono ataweza kuniangalia. Baba bado hajui. Nitamwambia kesho tukitoka kanisani, kabla hajaambiwa na mwingine.

Mawe yameanza kuyeyuka sasa. Nimeifuta ile alama ya mafuta kwenye kijiti, kisha nikajuta kuifuta.

Mmekuwa mkiniuliza wiki nzima, kati ya zile tano, ni ipi inafaa kuvaliwa kazini. Nilitaka kuwajibu kwa nyota na picha, kama kawaida yangu.

Jumatatu nitavaa namba nne. Sitaifuta mlangoni.