Kompyuta Yangu Haifiki Bruxelles

Nyakabanda, Kigali. Jumatano, Novemba 1991. Mvua tangu adhuhuri, na moyo haujatulia.

Shajara yangu, kwanza liandikwe lililo kweli. Kuanzia hapa Nyakabanda mpaka Kicukiro, ukipinda ukaenda Kabeza kule ndege zinakoinamia, hakuna mtu anayeijua kompyuta kunizidi mimi Hamisi. Wakubwa wa ofisini wanazo, sikatai, lakini zao zilikuja na fundi wake na makaratasi yake. Yangu nimeijenga mwenyewe kwa mikono hii. Siku nikifa, serikali itabidi itafute watu watatu wa kuziba pengo langu.

Leo kidogo ianze kuwatafuta.



Niliijenga kwa mizoga mitatu. Vita vilipoanza, wageni wa ofisi moja walifunga virago wakaacha kompyuta zilizokufa, nami nikazibeba. Mzoga mmoja ulinipa ubao mkuu, mwingine diski, wa tatu kisanduku cha umeme. Sanduku la kuvitia vyote sikupata, yote yalikuwa yamepondeka. Basi nikachukua ganda la redio ya zamani, zile kubwa za mbao zilizokuwa na taa za kioo tumboni, lenye kitambaa mbele na kioo kirefu kilichoandikwa miji: Paris, Londres, Bruxelles, Luxembourg. Nikapanga kila kitu humo ndani, skrini nikaikalisha juu. Ukiiona utasema ni fenicha ya waziri.

Kazi yake ni kadi za harusi na barua za watu. Basi. Kadi za harusi na barua.

Lakini mimi nina mdomo, shajara, wewe unanijua. Sadi muuza mkaa alipokuja kuandikisha kadi za bintiye, alikitazama sana kile kioo cha miji. Siku ya pili yake tuko kwa Mama Sauda tunakunywa chai, akaniuliza mbele ya watu ile mashine inafika wapi. Mtu mwingine angesema haifiki popote. Mimi nilisema Bruxelles naongea nayo asubuhi, Paris jioni, labda kuwe na mawingu mazito. Watu wakacheka, wakapiga meza. Nikanywa chai yangu kwa raha.

Wakati ule watu walikuwa bado wanacheka.

Sasa habari za kaskazini si nzuri. Njia panda pana askari, na ukipita unaulizwa unatoka wapi kama vile hujazaliwa hapa. Kuna neno linasemwa kwa sauti ya chini, ibyitso, yaani wenzao wa adui walio ndani yetu. Jirani yangu Idi, fundi cherehani, walimchukua mwaka jana kwa sababu ya redio na waya alioufunga kwenye mgomba ili apate mpira vizuri. Alirudi mvua za masika zimekwisha. Anashona kama zamani, ila hainui kichwa. Ukimsalimia, kwanza anatazama nyuma yako.

Ndipo katika hali hiyo ibilisi akanituma niiongezee mashine kumbukumbu.

Haja ilikuwepo. Kadi zenye majina mengi zilikuwa zinaishinda, inafika katikati inaganda. Dereva mmoja wa lori akaniletea kutoka Bujumbura vibao viwili vya kumbukumbu, vidogo kama vitana, kavifunga ndani ya soksi. Kila kibao kinasimama kwenye mfereji wake, kinashikwa na visikio viwili vya plastiki. Nilitoa vya zamani nivipanguse, nikarudisha vyote vinne kwa nguvu za mtu aliyezoea kufungua injini za magari. Sikio moja likakatika. Nililisikia, tak, nikajifanya sikulisikia.

Kuanzia hapo skrini nyeusi, na mashine inalia. Mlio mrefu, kimya, mlio mrefu, kimya. Ndani ya nyumba unajua ni kilio cha kompyuta iliyokosa kumbukumbu. Ukiwa nje ya ukuta, unaapa kuna mtu anapeleka salamu kwa simu ya upepo.

Na nyumba zetu hapa zinashirikiana ukuta.

Jana Zaituni, mke wangu, alikwenda bombani, wanawake wakanyamaza alipofika. Mmoja tu, anayempenda, akamfuata njiani kama anayemsaidia kujitwika ndoo, akamwambia resiponsabule anakuja kesho baada ya alasiri kuangalia ile kitu ya Hamisi inayoongea. Resiponsabule ndiye mkubwa wa nyumba zetu hizi. Anachokiandika yeye kinakwenda juu, na huko juu ndiko Idi alikokwenda.

Zaituni alitaka tuitumbukize chooni. Niliinyanyua kweli, nikafika nayo mlangoni. Halafu nikafikiri. Mtaa mzima umeiona. Kesho wakiuliza iko wapi, niseme nini? Kitu kikishapotea, ndipo kinapogeuka bunduki.

Nikaelewa kuwa njia ni moja. Mashine lazima iamke, wakija waione inaandika kadi ya harusi, wasiikute ni sanduku la redio linalolia.

Leo tangu asubuhi sikutoka. Kwanza nilichomoa waya wa kile kispika kidogo kinachotoa mlio, ili inyamaze. Ikanyamaza, lakini nami nikawa kipofu: skrini nyeusi, sauti hakuna, sijui mgonjwa amekufa au amelala. Zaituni akasema jana ililia, leo imenyamaza, watasema umeficha kitu. Nikaurudisha waya. Akakaa mlangoni na kinu, na kila nikitaka kuwasha namwashiria, anatwanga isombe, majani ya muhogo, kwa nguvu zote ili kuufunika mlio. Majani yale yalikuwa yameshatwangwa jana. Leo yamekuwa maji.

Nilitoa vibao vipya nikaacha vya zamani peke yake. Inalia. Nikafikiri nimeua na vya zamani. Nikachukua raba ya kufutia penseli nikasugua meno ya kila kibao mpaka yakang'aa, nikavirudisha vyote vinne. Inalia. Lori la askari likapita barabarani, nyumba ikatikisika, na ghafla mashine ikanyamaza nusu dakika, kisha ikaanza tena. Hapo ndipo nilipotulia nikatazama kama mtu mzima. Kile kibao cha sikio lililokatika kilikuwa kimelala ubavu. Nikakisukuma kwa kidole. Picha ikaja. Nikatoa kidole. Kilio.

Ugonjwa nimeupata, lakini siwezi kumpokea resiponsabule kidole kiko ndani ya mashine.

Nilijaribu njiti ya kiberiti, ikadondoka. Nikajaribu karatasi iliyokunjwa, ikateleza. Mwisho nikaenda kwenye baiskeli, nikakata ukanda wa mpira wa ndani, ule ule tunaofungia mzigo usianguke mlimani, nikauzungusha kwenye vibao vyote vinne, nikaukaza kama nafunga gunia. Nikawasha. Ukalia mlio mmoja mfupi, ndio ule wa afya. Picha ikaja ikakaa, na kumbukumbu mpya zote ikazihesabu. Nilisujudu pale pale kati ya bisibisi.

Alasiri ilipopita walibisha hodi. Resiponsabule, mtu wa makamo, koti linachuruzika maji. Nyuma yake kijana mrefu asiyesema jina lake. Nyuma yao, Sadi muuza mkaa, macho chini. Nikajua kaja kuwa shahidi.

Resiponsabule hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye ganda la redio, akaweka kidole kwenye kioo, akasoma taratibu, Paris, Londres, mpaka akafika.

"Bruxelles iko hapa imeandikwa, muzee Hamisi."

Nikamweleza kuwa hilo ni ganda tu, la redio iliyokufa zamani. Akasema washa. Nikawasha. Ule mlio mmoja mfupi ukamrusha kijana mrefu nyuma hatua nzima. Halafu likaja jambo ambalo mimi, na ujuzi wangu wote, sikulifikiria. Mashine ikiamka inahesabu kumbukumbu yake, na namba zinapanda kwenye skrini mbio mbio. Leo, kwa kuwa nimeiongezea, zilipanda muda mrefu kuliko siku zote.

Kijana mrefu akasema kwa sauti kavu, "Iko inapiga namba."

 Nilifungua kadi ya binti yake Sadi. Nikawaonyesha majina ya bibi na bwana harusi, nikawaonyesha waya wa umeme unaokwenda ukutani tu, hakuna antena, hakuna simu. Resiponsabule alisikiliza yote, kisha akavuta kiti kwa mara ya kwanza.

"Weye ulisema mbele ya watu unaongea na Bruxelles. Sasa ongea, mimi nisikie."

"Siwezi, bwana mkubwa. Nilidanganya."

"Ulidanganya lini? Pale kwa Mama Sauda, ao sasa?"

 Maisha yangu yote nimeongopa watu wakafurahi, na siku niliyosema kweli nikaonekana mwongo. Nilimwona kijana mrefu akipima mlango kwa macho, kuona kama mashine itapita ama haitapita. Zaituni alikuwa ameacha kinu, amekuja kusimama karibu yangu.

Aliyeniokoa ni Sadi. Alikohoa, akauliza polepole, macho bado chini, "Muzee, na ule chui wa mbuga ya Akagera uliyemuua na jeki ya gari?"

Nilimtazama. Nikatazama koti lile lenye maji. Nikasema, "Hakukuwa na chui. Lilikuwa paka pori, na lilikimbia lenyewe."

"Na redio ya balozi uliyotengeneza, akakushika mkono?"

"Ya mpishi wake. Na haikupona."

"Na Mombasa, ulipoendesha meli?"

"Mombasa sijafika, Sadi. Nimeishia Bujumbura. Nilirudi siku ileile kwa sababu ya tumbo."

Sadi akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, mabega yakamshinda. Akamgeukia resiponsabule akamwambia huyu mzee nimemjua tangu utoto wangu, ni mwongo kweli kweli, hana hata mjumbe wa kumpelekea salamu Gitarama hapo jirani. Nikaendelea mwenyewe bila kuulizwa, nikawamwagia moja baada ya nyingine, uongo wa ujana na wa uzeeni, mpaka resiponsabule naye akafunika mdomo kwa kofia yake. Kijana mrefu tu ndiye hakucheka. Alichukua bisibisi yangu, akang'oa kioo cha miji, akakifunga kwenye gazeti, akakitia kwapani.

Sijui kioo kile kinakwenda wapi. Sijui atakionyesha nani, wala kule juu kutakuwa na Sadi wa kucheka. Resiponsabule alisema amemaliza, lakini alisema "kwa leo". Nimelirudia neno hilo tangu waondoke. Mashine nimeizima. Mahali pa kioo pana shimo refu, na humo ndani unaonekana ukanda mweusi wa baiskeli umekaza.

Nimeazimia kesho niende kwa seremala, anitengenezee sanduku jeupe lisilo na jina la mji wowote. Na chai nitakunywa nyumbani kwa muda.

Ningeweza kufunga daftari hapa, shajara, lakini nimeshazoea kusema kweli leo, acha nimalizie.

Walipofika mlangoni, resiponsabule alinishika bega. Akasema kwa huruma, kama anavyosemeshwa mgonjwa, "Pole muzee. Kumbe ni mashine ya kadi tu." Sadi akaitikia, ya kadi tu. Walikuwa wananiachia. Mguu mmoja ulikuwa umeshatoka nje kwenye mvua. Kilichobaki ni mimi kusema ahsante.

Nilifungua mdomo kumwambia kwamba Bruxelles hapana, lakini Nairobi inafika.

Zaituni alinikanyaga kidole cha mguu kwa kisigino, na sasa kimevimba, hakiingii kwenye kiatu.