Vidole Vinapoacha Kifungo

Shikamoo Shangazi. Nimeshika kalamu kwa sababu nyumbani sina wa kunisikiliza hadi mwisho. Mimi ni fundi cherehani, niliolewa na mwanamume aliyefiwa na mkewe akaachiwa binti mdogo, sasa ana miaka tisa, tunamwita Bi Vifungo, ana usonji na pia tatizo la kutotulia, hasemi sana, lakini Shangazi, huyo mtoto ni hodari, mteja akileta koti lililopoteza kifungo yeye anaingiza mkono kwenye kopo langu la vifungo na kutoa kinachofanana na vilivyobaki bila kukosea, mpaka wateja wanamsalimia yeye kwanza.

Akizama kwenye dunia yake hutazama ukuta, ila vidole vinaendelea kusugua kifungo, na nikimgusa bega anageuka. Sasa miezi miwili hii kuna kutazama kwingine, vidole vinasimama, kifungo kinaanguka, nikimgusa hanijui, anatafuna mdomo mtupu, kisha anarudi kama hakuna kilichotokea. Wiki iliyopita kilianguka akiwa karibu na pasi ya moto, nikamdaka mkono ukiwa umebaki kidogo tu uiguse. Kliniki waliniambia watoto wa usonji ndivyo walivyo. Nilikuwa naandika kila tukio kwenye daftari la vipimo vya wateja, wifi yangu akaliona, akasema, "Unamtafutia mtoto wa watu magonjwa ili apelekwe mbali, ubaki na kaka yangu peke yako." Mume wangu alikuwepo, akanyamaza. Tangu hapo nimeacha kuandika, najiuliza mimi ni nani hasa, sikumzaa, hajawahi kuniita mama, kila asubuhi ananiwekea tu kifungo chekundu juu ya cherehani, baba yake hapewi, na jioni anakirudisha kwenye kopo. Nina haki ya kumrudisha kliniki, au ninyamaze nilinde ndoa?

Fundi

Marahaba, Fundi. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Umeona kwa macho ya kutungia sindano kitu ambacho wenye vyeti wamekipita. Nakuvulia kofia, halafu nakugombeza.

Nani alikuambia uache daftari? Wifi. Ni wifi aliyemdaka mtoto kwenye pasi? Usonji haumkingi mtu na matatizo mengine. Mtoto anaweza kuwa nao, asitulie, na bado akawa na kifafa, maana kuna kifafa cha kutazama tu bila kuanguka. Sisemi anacho, mimi si daktari. Nasema apimwe.

Rudi kliniki wiki hii. Usiseme "anazubaa", watakujibu vilevile. Sema vidole vinasimama, mdomo unatafuna, akiguswa hageuki, na utaje siku na muda. Mumeo ashike simu arekodi. Ulimi ulimshinda, mkono haujamshinda. Tukio likizidi dakika tano, mkimbizeni hospitali. Dawa za kuazima kwa jirani, hapana. Pasi ihame leo. Na wifi mchukueni, akae nanyi kwenye benchi asubiri zamu, pengine atajifunza kutazama.

Unaniuliza wewe ni nani kwake. Mimi nitajuaje, na mtoto mwenyewe anakujibu kila asubuhi? Ana kopo zima la vifungo, na ni mtu mmoja tu anayewekewa. Kesho kabla hujakanyaga cherehani, kitazame hicho chekundu, kisha ufunge duka umpeleke mwanao.