Wino Kwenye Masikio ya Bolti

Mjukuu wangu Elia,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi anakusalimu, goti limempa nafuu, na hapa Magomeni kila mtu anauliza utakuja lini.

Unasema fundi wa huko amegundua kwamba bunduki niliyokurithisha haina mwili wa kiwandani, kile chuma ambamo hupita bolti, kipande kinachofunga risasi ndani, na unataka kuung'oa uliopo uweke orijino. Ngoja kwanza.

Nilipokuwa kijana, mgeni Dar, mjomba wangu, Mchaga mwenye duka Kariakoo, alinipeleka kwa Salehe, fundi wa bunduki pale Mchafukoge. Mwili wa bunduki ya mjomba ulikuwa umepata ufa. Salehe aliweka mezani miwili mipya: mmoja wa kiwandani, mwingine wa karakana iliyouiga.

"Nipe orijino," mjomba alisema. "Kopi nauza mwenyewe."

"Leo umekiri, Mangi!" Salehe alicheka.

Alipaka wino masikio mawili ya bolti, yanayoizuia isirudi nyuma risasi inapolipuka, kisha akaifunga na kuifungua katika kila mwili. Kwenye wa kiwandani, wino ulifutika sikio moja tu, maana ndilo pekee lililogusa chuma na lingebeba nguvu yote. Kwenye ule wa kuigwa ulifutika yote mawili, sawasawa.

Salehe, msifiaji mkubwa wa kiwanda kile, aliuinua ule wa kuigwa. "Aliyeuiga huu," alisema, "ameipenda orijino kuliko walioiunda."

Mjomba aliondoka na kopi, na baadaye bunduki akaniachia mimi. Ndiyo hiyo uliyoishika, na haijanitupa hata siku moja. Paka wino, Elia, ndipo uamue.

Babu yako