Lenzi Uliyonichagulia

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia mchana kweupe, nimekaa kwenye stuli yangu hapa Mwembesongo. Wateja hakuna, maana mvua imetoka kunyesha sasa hivi na hakuna anayetaka kupigwa picha viatu vikiwa na matope. Unawajua watu wa mji huu, picha isiyoonyesha viatu kwao si picha. Nina habari kubwa ya kukupa, lakini ngoja nianze na ile ndogo, kama ulivyozoea kuniambia nivute pumzi kwanza.

Lenzi yako inafanya kazi. Nakumbuka ulivyoipata. Yule mwalimu wa chuo uliyekuwa ukimpelekea karoti na kabichi alikuwa anarudi kwao Ulaya, akawaambia ninyi nyote mliomhudumia kila mtu achague kitu kimoja. Wenzako wakachukua sufuria, pasi, godoro. Wewe ukavipita vyote ukaokota lenzi kuukuu ya kuvuta, yenye ukungu pembeni mwa kioo, ambayo mwenyewe alikuwa ameshaitia kwenye boksi la vitu vya kutupa. Ulikaa nayo huko kwako mlimani wiki nzima. Uliponiletea ulikuwa umenuna. "Yule mzungu kanipa kibovu," ulisema. "Nimechungulia kutoka shambani, mji mzima umepinduka, mapaa yako chini." Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, maana lenzi ikiwa peke yake hupindua kila kitu, na wewe hukucheka. Nisamehe, Mama. Ulikuwa umeacha godoro kwa ajili yangu na mimi nikakucheka.

Iliingia kwenye kamera yangu ya Kirusi kwa kuzungusha tu, kama kifuniko cha chupa. Ina vituko vyake. Ukiiinamisha inateleza yenyewe mpaka mwisho, ukiiinua inarudi, kwa hiyo nimeivalisha kipande cha mpira wa tairi la baiskeli ili itulie. Mawingu haiyapendi kabisa. Lakini inavuta! Nasimama ng'ambo ya barabara na uso wa mtu naupata wote, hadi jasho la puani. Wateja mwanzoni walinisumbua. Nikirudi nyuma ili niwapate wazima, wao wananifuata. Bi harusi mmoja alinifuata hatua kwa hatua, mpaka nikatumbukia mtaroni na kamera yangu, na yeye bado anatabasamu.

Mji ungekushangaza. Enzi hizi za ruksa kila kitu kipo. Duka lile tulilopanga foleni ya sabuni, wewe na mimi, tangu alfajiri, sasa lina sabuni za kila rangi hadi dirishani, na muuzaji anapiga miayo. Waliopunguzwa viwandani wameweka meza barabarani. Mtu niliyemzoea ndani ya ovaroli leo anauza betri na nyembe, na anaziuza kwa heshima, amezipanga kama vipuri vya mashine. Nawapiga picha wote. Wanaopita wananiuliza nani atanunua picha ya meza ya betri. Nawajibu kwamba sijui, ila mwakani meza hiyo haitakuwepo, na mimi nitakuwa nayo.

Sasa lile kubwa. Siku ya arobaini yako, Mjomba Rajabu alitukusanya uani kwako. Kaka yako unamjua, hapandishi sauti hata akikata kauli. Alisema shamba lako ni la ukoo, linatoka kwa mama kwenda kwa binti, na binti yako ni mimi peke yangu. Lakini shamba haliwezi kumngoja mtu wa kamera. Ikifika vuli sijarudi kulima, atampa binti wa Mama Mdogo. Kisha akanitazama akasema, "Wewe umeshashuka. Huku hutuangalii tena."

Nilishuka mlima nikilia kwa hasira, na watu njiani wakanipa pole wakidhani ni msiba tu. Kamera sikutaka kuiacha. Na sikutaka mtu mwingine apande kabichi kwenye matuta uliyoyachimba kwa mikono yako ukiwa na mimi mgongoni. Nilivitaka vyote viwili, na sikuona aibu kuvitaka.

Ndipo nikaanza kufika kazini saa moja asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Nilisimama mwisho wa barabara, nikavuta lenzi hadi ikagoma. Mama, mlima ulisogea. Mbele yangu wanawake wanashuka na vikapu kichwani, nyuma yao paa la soko, na juu ya paa hilo, karibu kama jirani, bati lako. Nyumba yako ndiyo pekee iliyoezekwa bati upande ule, na jua la asubuhi linalipata sawasawa. Siku nyingi ukungu uliniwahi. Siku moja nikauwahi mimi. Picha za rangi sasa zinasafishwa hapahapa mjini, hatungoji tena mpaka ziende Dar. Mwenye mgahawa wa jirani alipoiona aliomba nakala kubwa, akaitundika ukutani, na wateja wake wanabishana chai ikipoa, huyu anasema ni Morogoro, yule anasema haiwezekani mlima uwe karibu vile.

Vuli ilipokaribia, Mjomba akashuka kufuata jibu. Nisikudanganye, nilimpeleka kwenye mgahawa huo makusudi na nikamkalisha akitazamana na ukuta. Alikunywa chai yote bila kuinua macho. Akaagiza nyingine. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa alipoinuka na kikombe mkononi, akasogea, akaweka kidole juu ya kioo.

"Hili si bati la Zena?"

Nikamwambia ndilo. Nikamchukua hadi mwisho wa barabara, nikampa kamera, nikamwonyesha namna ya kuvuta. Alitazama muda mrefu sana. Nikamwambia kila asubuhi nasimama pale kabla ya kufungua kazi. Nikamwambia pia kwamba tuta la chini, lile la karibu na kijito, limebomoka tangu mvua ya juzi. Kuna alama nyekundu ya udongo na hakuna aliyeishughulikia. Akasema si kweli, angekuwa ameambiwa. Nikamjibu kwa adabu kwamba wao wote wanakaa upande wa pili wa kilima, mimi ndiye ninayeliona. Alinirudishia kamera akaondoka bila kuaga vizuri.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi akarudi, suruali imejaa udongo mwekundu hadi magotini.

"Tuta limebomoka kweli," akasema. "Shamba ni lako. Jumamosi uje na jembe."

Nilikwenda, Mama. Tulilijenga tuta siku mbili, mimi, Mjomba na binti wa Mama Mdogo, ambaye sasa tunalima pamoja, yeye siku za wiki na mimi mwisho wa wiki. Viganja vyangu vilichubuka mpaka nikashindwa kufungua kamera Jumatatu yake, na nilivionyesha kwa kila mteja kama mtu aliyepewa nishani. Kabichi zimeshika. Huwezi kujua ninavyojivuna. Au unajua, maana kujivuna nimekurithi wewe.

Jana nilikwenda kuchongesha muhuri wa kugonga nyuma ya picha zangu, maana sasa nina jina mjini. Fundi akaniuliza jina la baba. Nikamwambia aandike Mwajuma Zena, Mpiga Picha, Morogoro. Akasema Zena ni jina la kike. Nikamwambia najua. Akasita, akanitazama, kisha akachonga.

Pumzika, Mama. Nakuahidi jambo moja, na hili nitalitimiza mpaka macho yangu yachoke. Yeyote nitakayempiga picha katika mji huu, awe tajiri wa duka au muuza betri, ataondoka na jina lako mkononi, akaliweke ndani ya nyumba yake.

Mwanao,
Mwajuma Zena