Nimelipoteza Chujio la Baba Mkwe

Mama Mkubwa mpendwa, shikamoo, na kama wewe ni mdogo kwangu basi hiyo shikamoo niwekee, nitapita kuichukua siku nyingine, kwa sasa nina shida na naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi baba mkwe anarudi na mimi sijui nitauweka wapi uso wangu.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na cherehani yangu iko sebuleni karibu na dirisha kwa ajili ya mwanga, na hatua mbili kutoka hapo ndipo ilipo kompyuta ya baba mkwe, ile ya zamani yenye kisogo kikubwa, aliyoifufua mwenyewe kwa vipuri kwa kuwa kabla ya kustaafu alikuwa fundi redio, na ndani yake kuna gemu moja tu, nalo ni la zamani kuliko ndoa yangu. Dunia imeshaungua, miji imebaki matofali, watu waliosalia wanaishi mashimoni na wanatembea jangwani wakitafuta maji na makopo ya chakula, na hakuna cha haraka humo, unapiga hatua zako unasimama, adui naye anapiga zake, na zamu ikirudi kwako kompyuta inakungoja hata ukienda kuoga ukarudi. Baba anaweza kuifikiria zamu moja mpaka mimi namaliza kola na mikono yote miwili ya shati.

Sasa sikiliza, kundi lake ni watu wanne na hao wanne ni sisi, yeye ndiye kiongozi, mume wangu anayekereza vyuma karakana ndiye mpiga bunduki, wifi yangu muuguzi ndiye daktari, na mimi, Mama Mkubwa, mimi amenifanya mbeba mizigo! Imeandikwa kabisa pale, "Mkwe", na kuna kamwanamke kadogo kamepinda mgongo. Miaka mitatu nashona huku namwona Mkwe anatwishwa kamba, betri, makopo kumi na tisa, na tangu miezi minane iliyopita kaongezewa chujio la maji, dude zito kuliko vyote, na hilo chujio ndiyo safari nzima, kwa sababu kuna kijiji ambacho kisima chake kimeingia sumu na lisipofika hilo watu wake wanakwisha. Baba kila kitu anaandika kwenye daftari, nami siku moja nikachungulia nikakuta: "Mwanangu anatangulia mno, asipewe kitu cha kuvunjika. Daktari mikono yake iwe wazi. Chujio abebe Mkwe." Roho iliniuma. Sisi wawili hatuna maneno mengi, ni salamu, chai, na "mkwe, mwanga unakutosha?", namheshimu na yeye ananiheshimu, nikawaza kumbe moyoni huyu mzee ananiona punda.

Wiki iliyopita akaenda kumuuguza dada yake aliyevunjika mguu, na mlangoni akaniambia, "Mkwe, kompyuta ifunike tu, vumbi lisiingie." Nikaifunika siku mbili. Siku ya tatu mchana nimemaliza sare za wateja, nyumba kimya, nikaifunua, nikaiwasha, haki ya Mungu nilitaka kumwona Mkwe tu. Nikamkuta kapinda vilevile ndani ya gofu la kituo cha mafuta, na pembeni kuna mstari mwekundu unaoonyesha amechoka, jamani nikamhurumia, nikabonyezabonyeza mpaka nikajua namna ya kumtua, nikamtua kimoja baada ya kingine, mgongo ukanyooka, nikapiga vigelegele peke yangu sebuleni. Halafu nikataka kumwona anavyotembea mwepesi, nikawasogeza hatua tatu, nne, wakatoka nje ya gofu, ikaja dhoruba ya mchanga, gemu likajisevu lenyewe, na niliporudi mle ndani hapakuwa na kitu. Hata kopo moja! Na hakuna kurudi nyuma, gemu hilo lina kumbukumbu moja tu.

Mume wangu nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema atang'oa waya mmoja kule nyuma tumwambie mzee umeme uliipiga. Nusura nikubali. Lakini baba yangu mzazi sikumjua, Mama Mkubwa, huyu ndiye mtu pekee duniani ninayemwita baba, na sitaki kila nikimmiminia chai nikumbuke waya. Niseme au ninyamaze? Na nikisema akanuna maisha?

Ni mimi, Mbeba Mizigo.

MAMA MKUBWA ANAJIBU

Marahaba, Mbeba Mizigo. Shikamoo yako haiendi kokote, mimi ni mkubwa kwako na kwa wengi.

Ngoja kwanza nicheke. Haya, nimemaliza. Sasa keti, nikuseme.

Uliambiwa ufunike, ukafunua. Wewe ni fundi. Mteja akiacha kitambaa chake mezani kwako, akapita mtu akakikata vipande eti amekionea huruma kimekaa kimekunjwa muda mrefu, ungemfanyaje? Ungemkimbiza na mkasi mpaka barabarani! Basi ujue na mzee ana haki ya kununa, na akinuna siku mbili tatu usije ukaniandikia barua nyingine.

Mumeo mwambie mikono yake aiache karakana. Baba yake amekula maisha yake yote kwa kutafuta waya uliokatika, na yeye ndio huohuo anataka kumfichia! Akili gani hiyo? Nimeanza kuelewa kwa nini mzee hampi vitu vya kuvunjika.

Lakini daftari, mwanangu, umelisoma kwa hasira. Lisome tena pamoja nami. Mtu ametafuta kitu na kukilinda miezi minane. Kijiji kizima kinakingoja. Anawatazama watu wake mmoja mmoja. Mwanawe wa kumzaa, hapana, huyo atakimbilia risasi nacho. Binti yake, hapana, ana kazi nyingine. Hata yeye mwenyewe kiongozi hakujipa. Akampa nani? Nimemuuliza mpangaji wetu wa kurasa hapa ofisini, mama wa watoto watatu anayeyajua hayo magemu kuliko anavyonijua mimi, akasema kitu cha thamani hukabidhiwa yule ambaye kundi zima litakufa likimlinda. Mpiga bunduki akianguka, safari inaendelea. Mbeba chujio akianguka, safari imekwisha. Na wewe miaka mitatu umekaa hapo na sindano mkononi unajiita punda! Aibu nakuonea mimi.

Na mzee naye simwachi, kwa kuwa najua Jumapili, akishapumzika na safari, atausoma ukurasa huu. Baba, hatua mbili tu kutoka kiti chako hadi cherehani, na hukuweza kumwambia mtoto wa watu kwamba unamwamini? Ulidhani atajuaje?

Sasa fanya hivi. Kuanzia leo kompyuta usiiguse. Usijaribu kurekebisha, utawapotezea na daktari. Jumamosi mpokee baba mkoba mlangoni, mpe maji, muulize hali ya dada yake na jibu ulisikilize kwelikweli. Kisha, kabla hajakifikia kile kiti, sema mwenyewe, siyo mumeo akusemee: "Baba, niliifunua kompyuta. Nilimwona Mkwe amechoka, nikamtua mizigo, na chujio limepotea. Nisamehe." Basi. Usiweke "lakini". Usianze na machozi. Habari za punda ziache zife hukohuko kwenye barua yako.

Halafu vuta kigoda chako kutoka kwenye cherehani, kiweke karibu na kiti chake, umuulize chujio lile la kwanza lilipatikana wapi na kama liko jingine popote katika jangwa lile. Mwambie safari hii mtalitafuta wawili, na kwamba ukipewa tena utalibeba mpaka kisimani bila kutua.

Ukishasema hayo, funga mdomo. Atakaa kimya, tena kimya kirefu, cha kola na mikono yote miwili. Utatamani kujieleza, utatamani kukimbilia jikoni kuchemsha chai. Usiinuke, usimharakishe. Wewe umeshacheza yako, mwanangu. Hiyo ni zamu yake.